Tukio Moja Tunaloliona Mara Mbili

Kiwandani kwetu, tunakochapa vitabu, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Bi Nukta, na aliyempa jina hilo ni mimi, siku aliponirudishia ukurasa mzima niliokwisha kuupanga, kisa nukta moja iliyokosekana mwisho wa tanbihi. Nikamwambia, "Bibi wee, hakuna mtu anayesoma tanbihi." Akanitazama juu ya miwani. "Kwani mimi si mtu?" akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilikaa naye meza kwa meza miaka kumi na tisa, mimi nikipanga kurasa kwenye kompyuta, yeye akisahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, kwa kalamu nyekundu, na nasema bila kutafuna maneno kwamba sijapata kufanya kazi na mtu mgumu kama yule. Wala sijapata kumwonea mtu huruma kama niliyomwonea yeye. Hilo la pili sikumwambia, maana angelisahihisha.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu kabisa ya mitambo ya kuchapia. Mashine zikiwashwa, sakafu inatetemeka na chai inacheza kikombeni. Meza yake ilikuwa dirishani, lakini kiti alikigeuza kisielekee dirisha, kielekee mlango. Kando ya mlango palikuwa na sinia la mbao ambamo tarishi aliweka barua kila siku saa nne asubuhi. Saa nne ikifika, Bi Nukta aliinua kichwa, akatazama sinia, akainamisha kichwa. Kwa miaka saba alifanya hivyo bila kuruka siku. Mgeni angedhani ana ugonjwa wa shingo.

Alikuwa akingoja barua ya mdogo wake.

Mama yao alipofariki, Bi Nukta alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake alikuwa na minne. Baba sikusikia akitajwa, nami sikuuliza. Yule msichana wa miaka kumi na tisa alikuja kuomba kazi kwenye kiwanda hikihiki, akapewa ya kuhesabu karatasi na kufagia. Jioni alibeba nyumbani prufu zilizoharibika, zile zilizojaa mikwaruzo myekundu ya wasahihishaji, ili mtoto apate pa kuchorea. Mtoto hakuchora. Alijifunza kusoma humohumo, dada yake akimwonyesha kwa kidole, na alama za kusahihishia alizijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Kuna alama moja lazima niieleze, vinginevyo tutapotezana mbele. Katika kazi yetu, ukifuta neno kisha ukagundua hukupaswa kulifuta, huliandiki upya. Unatia vinukta vitatu vinne chini yake, na pembeni mwa ukurasa unaandika: *ibaki*. Maana yake ule mstari uliolikata usihesabiwe. Neno lirudi kama lilivyokuwa.

Bi Nukta alinisimulia kisa kimoja cha alama hiyo mara zisizopungua kumi, na kila mara alicheka kama ndiyo kwanza kimetokea. Mdogo wake akiwa na miaka sita alinyimwa kitu, sukari nadhani, akachukua kipande cha prufu akaandika, "Dada mbaya," akakibandika mlangoni. Bi Nukta akatoka na kalamu, akalikata lile "mbaya", akaenda zake kazini. Aliporudi jioni akakuta vinukta chini ya neno, vimepangwa vizuri, na pembeni kwa herufi kubwa kubwa: *IBAKI*.

"Kichwa chake kile!" alikuwa akisema, akijifuta machozi ya kicheko.

Basi mtoto mwenye kichwa kile alisoma, na dada yake akamsomesha. Akawa mwalimu wa fizikia, akaenda kuongeza elimu, akarudi na nyota kichwani. Walikuwa chanda na pete. Akaandika kitabu cha nyota kwa ajili ya sekondari, kwa Kiswahili, na kitabu kikaja kuchapwa kwetu. Siku mswada ulipofika, Bi Nukta aliusukuma mezani kwangu ukiwa umefunguliwa ukurasa wa pili tu. Palikuwa na mstari mmoja katikati ya karatasi: *Kwa dada yangu, aliyenifundisha kusoma.*

"Hapo hakuna kosa," akaniambia. Ni mara pekee niliyomsikia akitamka maneno hayo.

Mwandishi mwenyewe, tuliyemwita Mwalimu, alikuja kiwandani kutueleza sura ya tisa, kwa sababu mimi nilipaswa kuipangia picha na nilikuwa sielewi kitu. Alivuta kiti, akakaa upande, akaongea kwa mikono. Alisema kuna nyota kubwa, zenye uzito wa majua ishirini au thelathini, na hizo hazifi polepole. Kinachoziunguza tumboni kikiisha, kiini chake kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja.

"Na huku nje?" nikauliza.

"Huku nje bado hakujapata habari," akasema. "Ndani kumeshabomoka, nje nyota inang'aa kama kawaida."

Akaendelea. Katika baadhi ya nyota hizo, pale katikati hutoka mirija miwili myembamba ya nguvu, mmoja huku na mwingine kule, ikaitoboa nyota na kuchomoza nje kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Mmoja ukitokea kutuelekea, basi vyombo vyetu vilivyoko angani vinanasa miali ya gamma, sekunde chache, dakika kwa nadra, kisha kimya. Usipotuelekea, hatuoni kitu. Ndipo baadaye, mahali palepale, mwanga wa nyota yenyewe iliyolipuka unaanza kupanda taratibu, siku hadi siku, unafika kilele baada ya wiki mbili hivi.

"Sasa sikilizeni," alisema, na hapo akamgeukia dada yake. "Kwa miaka mingi watu walioandika habari za ile miali walikuwa na kazi yao, na walioandika habari za nyota zinazolipuka walikuwa na yao. Hawakujua wanaongelea kifo kimoja. Walikuja kujua kwa sababu kuna walioiona miali ikizimika, wakakataa kuondoa macho. Waliendelea kutazama palepale."

Akatuambia pia ya kwamba si miali yote ina asili hiyo. Ile mifupi, ya chini ya sekunde mbili, mingi ina chanzo kingine. Lakini ile mirefu, hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya nyota kubwa kufa. Na katika kitabu akaandika sentensi aliyoipenda kuliko zote: *Mlipuko wa miali ya gamma na mlipuko wa nyota kubwa ni tukio moja tunaloliona mara mbili.*

Mungu anisamehe, ile sentensi tuliiua sisi wawili.

Ilitukuta Mwalimu akiwa amesafiri kusimamia mitihani, simu yake haipatikani, na mitambo chini inatungoja. Bi Nukta alisimama juu ya ile sentensi asubuhi nzima. "Neno moja kwa vitu viwili," alisema. "Mlipuko huku, mlipuko kule. Mwanafunzi atachanganyikiwa. Halafu vitu viwili, vimeunganishwa kwa 'na', vinaitwaje tukio moja? Upatanisho uko wapi?"

"Muulize mwenyewe akirudi," nilipaswa kusema. Nilichosema ni, "Badilisha tu, bibi, watu wanangoja."

Akabadilisha. Mlipuko wa kwanza akaufanya mmweko, na kitenzi akakipatanisha na idadi yake. Kitabu kikatoka na sentensi hii: *Mmweko wa miali ya gamma na mlipuko wa nyota kubwa ni matukio mawili tunayoyaona kwa nyakati mbili.* Sentensi safi, kila kitu kimekaa mahali pake. Ila ni uongo, na uongo wenyewe ni kinyume kabisa cha sura nzima.

Nakala zikaenda mashuleni. Miezi minne baadaye, kwenye semina ya walimu, mtu mmoja alisimama akamsomea Mwalimu sentensi yake mwenyewe, akamuuliza kama kweli amesoma alichokiandika. Ukumbi ukaangua kicheko. Alikuja kiwandani siku ya pili yake, kitabu mkononi. Nilimwona akipanda ngazi nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

"Dada, umefuta jambo lenyewe," akasema. Hakupaza sauti.

Bi Nukta angeweza kusema lolote. Angeweza kusema nisamehe. Lakini nyuma yake tulikuwapo sisi, wafanyakazi sita tumekodoa macho, na kiburi cha kazi ni kitu kibaya sana.

"Nyota ni zako, Kiswahili ni changu," akasema.

"Kiswahili kilikuwa sahihi. Kilikuwa kinasema ukweli."

"Usinifundishe kazi iliyokusomesha."

Mwalimu akamtazama. Akakiweka kitabu kwenye lile sinia la barua, taratibu, akasema, "Haya, dada," akashuka. Jambo zima halikuchukua dakika moja. Bi Nukta akaketi, akachukua prufu iliyofuata, akasahihisha kurasa arobaini bila kunyanyua uso. Tulidhani hakuumia. Ndani kulikuwa kumeshabomoka, lakini sisi wa nje habari hatukuwa nazo.

Baada ya wiki chache tukasikia Mwalimu kapata kazi ng'ambo, kwenye kituo cha darubini, na kaenda. Namba ya simu ikabadilika. Kukawa kimya.

Miaka saba ni mingi kwa mtu anayehesabu siku kwa sinia la barua. Niliwahi kwenda kumjulia hali alipougua mafua makali. Alikuwa anakaa vyumba viwili, na cha pili kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, shuka zimenyooshwa kwa pasi.

"Nani analala humu?"

"Hakuna."

"Mbona shuka zinanukia sabuni?"

"Kwa hiyo ulitaka zinukie vumbi?" Akakohoa, akageukia ukuta. Juu ya kabati palikuwa na bahasha nene imejaa vipande vya magazeti, kila habari ya nyota iliyopata kuandikwa, hata zile za upuuzi. Kila kimoja alikuwa amekisahihisha.

Mtu atauliza kwa nini hakuandika yeye. Aliandika! Nilifungua droo yake siku moja nikitafuta kifutio nikaziona barua, labda ishirini, zote zinaanza na "Mdogo wangu". Aliandika, akasoma, akakata neno, akakata sentensi, akahamisha aya, mpaka ukurasa ukawa mwekundu mtupu na hakuna kilichobaki cha kutuma. Nilifunga droo. Siku ile nilimchukia kidogo kwa ukaidi wake, na nikajichukia mimi zaidi, kwa sababu nilikumbuka nani aliyesema badilisha tu.

Ukabaki mwezi mmoja Bi Nukta astaafu. Ndipo ikaja habari kwamba kitabu cha nyota kinatoka toleo la pili.

Mwandishi alikuwa ametuma nakala ya toleo la kwanza yenye masahihisho yake ya mkono, na sharti moja kwenye barua ya ofisi: prufu atumiwe za karatasi, hatasoma kwenye kompyuta. Mkuu wa kitengo alilalamika kuhusu usumbufu. Bi Nukta aliishika ile barua kwa mikono miwili. "Kioo kinadanganya macho," akasema. "Hayo nilimwambia mimi. Ana miaka kumi nilimwambia." Hakuwa akiongea nami.

Kisha akafungua ukurasa wa pili.

Ule mstari wa kutabaruku ulikuwa umekatwa. Umekatwa kwa rula, mstari mmoja mnyoofu kutoka *Kwa* mpaka *kusoma*. Niliona uso wake ukishuka kama wa mtu aliyeambiwa jambo alilolijua zamani. Akageuza kurasa mpaka sura ya tisa. Humo Mwalimu alikuwa amesahihisha kila kitu, tarakimu, picha, maelezo ya picha. Ile sentensi yetu alikuwa ameizungushia duara tu, na pembeni hakuandika kitu.

"Amesahau," nikasema.

"Yule hasahau."

Alikaa na ile karatasi mpaka chai yake ikapoa. Halafu akakata sentensi aliyoiandika mwenyewe miaka saba nyuma, akairudisha ile ya kwanza, kwa moyo, bila kuangalia popote. Na pembeni, mbele ya macho yangu, akaandika maneno kwa wino, mfululizo, bila kusimama. Hakuyasoma tena. Nilitaka kumwambia ayasome, maana katika miaka kumi na tisa sijamwona akiacha karatasi bila kuipitia mara mbili.

*Niliikosea mimi. Ni tukio moja. Nisamehe mdogo wangu.*

Nilipanga kurasa zote upya, tukatoa prufu. Zilipokuwa tayari kufungwa, pamoja na kurasa mbili za nakala yake ya zamani, ule wa pili uliokatwa na ule wenye maneno ya pembeni, nikaona nimpe ushauri, na huu ni ushauri ninaouonea aibu hadi leo. "Bibi, tia vinukta chini ya ule mstari. Andika ibaki. Kitabu kitatoka nao, nani atajua?"

Akanitazama juu ya miwani. "Nilishabadilisha neno lake mara moja," akasema.

Bahasha ikaondoka kwa barua ya haraka. Mkuu akatangaza kwamba mitambo imepangwa Ijumaa ya wiki ya tatu. Prufu za mwandishi zisiporudi kabla ya hapo, kitachapwa tulichonacho. Na tulichonacho, ukurasa wa pili, ni karatasi tupu. Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Bi Nukta kazini. Chapa ikishapigwa, hakuna alama duniani inayoweza kurudisha kitu.

Siku zile saa nne ilikuwa saa ngumu. Tarishi akipanda ngazi, chumba kizima kinageukia mlango. Siku ya saba alileta katalogi ya wino. Siku ya kumi hakuleta kitu, akaomba radhi kana kwamba ni kosa lake. Siku ya kumi na nne Bi Nukta aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Leo ni wiki mbili. Kitabu kinasema wiki mbili."

"Kinasema wiki mbili *hivi*," nikamwambia. "Soma vizuri."

Akatabasamu kidogo. Sinia lilikuwa tupu.

Siku ya kumi na tano alianza kufungasha vitu vyake: kikombe, kamusi tatu, kalamu nyekundu nane, nyingine zimeisha wino tangu mtoto wangu azaliwe. Kiti akakigeuza, kwa mara ya kwanza, kikaelekea dirisha. Niliona heri angelia.

Siku ya kumi na sita, Alhamisi, tarishi alipanda ngazi mbilimbili. Hakuiweka bahasha kwenye sinia. Aliivusha chumba kizima akamkabidhi mkononi. Bi Nukta akaikata kwa rula, akatoa karatasi, akavua miwani.

"Soma wewe," akaniambia. "Mimi macho yangu leo hayaoni."

Nikaanza na ile yenye maneno ya pembeni, kwa sababu ukurasa wa pili niliuogopa. Sura ya tisa, sentensi imekubaliwa, alama ya sahihi. Zile sentensi zake tatu zilikuwa zimeguswa. Katikati ya *Nisamehe* na *mdogo wangu* mtu alikuwa ameingiza koma kwa wino mwekundu, na chini ameandika: *Dada, koma. Umezeeka?*

Nikamsomea. Akasema kwa sauti ndogo, "Kweli. Mwito unatakiwa koma." Akacheka, na katika kule kucheka machozi yakaja, akayaacha yashuke.

"Sasa ukurasa wa pili," akasema.

Mstari wa rula ulikuwa palepale, haukufutika. Chini yake palikuwa na vinukta, na pembeni neno moja kwa herufi kubwa kubwa, za mtoto wa miaka sita. Sikulisoma. Nilimgeuzia karatasi alione mwenyewe.

Akavaa miwani. Aliutazama muda mrefu, mashine chini zikaanza kuunguruma. Kisha akachukua kalamu, akaigeuza upande usio na wino, akaanza kuvihesabu vile vinukta kimoja kimoja, midomo ikicheza. Kazi yetu inataka vitatu, vinne, basi.

"Thelathini na vitatu," akasema alipomaliza. "Ametia kimoja chini ya kila herufi. Hakuruka hata moja."